Nilivyomkata kichwa mzee wa posa

Mimi ni mwalimu wa bayolojia, na wiki ile nilikuwa nimefundisha jicho kidato cha tatu. Nalisema hili mapema ili mjue kwamba nilifika Muheza tayari nikiwa mgonjwa.

Kwenye somo hilo kuna mchezo mmoja wanafunzi wanaupenda kupita kiasi. Unachora msalaba kushoto mwa karatasi na doa kulia. Unafumba jicho la kushoto, unaukazia macho msalaba, kisha unaisogeza karatasi taratibu. Ikifika mahali fulani, doa linatoweka. Darasa zima hulipuka kama timu imefunga bao.

Sababu yake ni kwamba nyuzi za neva kama milioni 1 hukusanyika nyuma ya jicho na kutoka kwa pamoja kwenda kwenye ubongo, na pale zinapotokea hakuna chembe hata moja inayohisi mwanga. Ni tundu. Sote tunatembea nalo, moja kila jicho, na hatulioni, kwa sababu ubongo hautaki aibu: unachungulia kilichopo pembezoni, unakisia, unapaka rangi, unakwambia hapa pazima. (Pweza hana tundu hili. Nyuzi zake zinapita nyuma kabisa. Huwa nalikumbuka jambo hilo kila nikimtafuna na pilipili.)

Aliyeligundua ni Mfaransa, Edme Mariotte, miaka ya 1660. Inasimuliwa kwamba habari zilipomfikia Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza, akawa anajifurahisha kwa kuwakata vichwa wakubwa wa ikulu yake: anafumba jicho moja, anatazama pembeni, kichwa cha mtu kinaondoka. Baba yake mwenyewe alikatwa kichwa kwa shoka mwaka 1649, kwa hiyo sijui huo mzaha aliutoa wapi. Lakini ulinikaa.

Jumapili tukaenda kumposea mdogo wangu. Mshenga alikuwa mjomba. Kazi yangu mimi ilikuwa kukaa kimya na kuonekana mtu wa maana, ili upande wa pili wajue ukoo una mwalimu.

Msemaji wao alikuwa baba mkubwa wa binti, mzee wa kanzu na kofia ya kiua, na alipopewa nafasi ya kujibu barua yetu alianzia kwa babu yao aliyetoka Pangani na ng'ombe wawili. Baada ya saa nzima ng'ombe walikuwa bado njiani.

Hapo ndipo shetani aliponipitia.

Nilikuwa nimekaa kama mita 4 kutoka kwa mzee. Kwa umbali huo tundu la jicho linakuwa na upana wa karibu sentimita 40, kichwa na kofia vinaingia na nafasi inabaki. Unachotakiwa ni kufumba jicho la kushoto na kulikazia la kulia kwenye kitu kilicho kama mita 1 kushoto mwa kichwa unachokitaka. Kushoto mwa kichwa cha mzee, mita 1 kamili kama vile mtu alipima kwa futikamba, kilikuwapo kichwa cha shangazi wa binti.

Hilo sikulifikiria. Wallahi sikulifikiria. Kwangu mimi shangazi alikuwa ule msalaba wa kwenye karatasi.

Nikafumba. Kofia ikayumba, ikarudi. Jicho likachoka, nikafumbua. Nikafumba tena, nikainamisha shingo kidogo. Mara ya nne au ya tano, kichwa kikaenda. Kikaenda chote! Kanzu imekaa kwenye kochi, mikono inaelekeza Pangani, na juu ya kola ni ukuta wa kijani mtupu. Nyuma yake palikuwa na uzi wa mapambo ya Idi uliotundikwa ukutani, nao nikauona umenyooka moja kwa moja mahali pa kichwa, umeungwa vizuri. Ubongo wangu ulikuwa umeushona wenyewe. Sauti ikaendelea kutokea kwenye kola: "...basi yule ng'ombe wa pili..."

Nikatabasamu. Mwalimu gani asingetabasamu?

Shangazi, mjane wa miaka sitini na kitu, kwanza aligeuka nyuma kuangalia ninamkonyeza nani. Nyuma yake palikuwa na kabati la vyombo. Akarekebisha mtandio. Kisha akasema, kwa sauti iliyowafikia mpaka waliokuwa jikoni: "Kaka, hebu ahirisha ng'ombe. Huyu kijana ana shida gani na mimi?"

Kichwa cha mzee kikarudi mahali pake, na kilikuwa kimekasirika.

Sasa sikilizeni ushahidi. Mdogo wake mzee akaapa kwamba nilikonyeza huku nimeuma mdomo. Mwingine akasema nilimwita kwa kidole. Mtoto aliyeleta juisi alihesabu mara kumi. Na mjomba wangu, mshenga wetu, aliyekaa ubavuni kwangu, ambaye kutoka pale alipo angeona sikio langu tu, akatikisa kichwa kwa huzuni: "Hata mimi nimemwona." Mimi nilijaza pengo langu kwa ukuta wa kijani. Wao walijaza yao kwa walichokuwa nacho karibu, na kwenye posa kilicho karibu ni umbea.

Nikajitetea. Nikaomba karatasi, nikachora msalaba na doa. Nikaona hapa ni kwa watu wa dini, nikamleta Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyeandika kule Cairo miaka elfu iliyopita kwamba jicho peke yake halitoshi, mengi tunayoyaona yanakamilishwa na akili inayolinganisha na kuhukumu.

Mzee akanisikiliza mpaka mwisho. "Na huyo Ibn al-Haytham," akauliza, "naye alikuwa akikonyeza wajane wa watu?"

Tukapigwa faini: shilingi 50,000 na doti mbili za kanga za shangazi. Mjomba akalipa pale pale, ila kanga nikaagizwa nizilete mwenyewe. Mke wangu, ambaye habari zilimfikia kabla basi letu halijafika Tanga, alisisitiza kuzichagua yeye. Alizunguka maduka ya barabara nzima mpaka akapata zilizoandikwa MACHO HAYANA PAZIA. Zote mbili.

Ndoa ilifungwa miezi mitatu baadaye. Shangazi alikuja amejifunga doti yangu, akanisalimia mbele ya mke wangu kwa heshima iliyozidi kidogo. Nikakimbilia upande wa wanaume, nikatafuta kiti cha pembeni, nikatulia na sahani yangu ya biriani.

Nikahisi natazamwa. Ng'ambo ya turubai, mita 4 hivi, mzee alikuwa amekaa peke yake, jicho la kushoto amelifumba, anatazama nguzo iliyokuwa kando yangu. Midomo inacheza kama anayehesabu. Nikainuka ili nikampe shikamoo.

"Kaa, mwanangu, usitikisike," akanikemea. "Ndiyo kwanza kichwa kinaondoka."