Wikendi ya Urojo na Taarab, Bila Ufukwe

Nilihesabu viti. Ukumbi ulikuwa mdogo, ghorofani katika nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe, Unguja, na viti havikuzidi 40. Tulioelewa maneno ya nyimbo tulikuwa sita tu: mimi, mume wangu, akina mama watatu wa palepale mjini waliokaa pembeni, na kijana aliyekuwa akikata tiketi mlangoni. Waliobaki wote walikuwa wageni wa ng'ambo, watu wastaarabu, wametulia, wanapiga makofi kila wimbo unapokwisha.

Mwimbaji alikuwa mama wa makamo aliyejitanda mtandio wa kijani, amekaa kitini, mikono ameilaza magotini. Nyuma yake fidla tatu, akodiani, udi, besi kubwa la kusimama, dumbaki, na kanuni mapajani mwa mzee mmoja mwembamba, nyuzi zake zaidi ya 70 zinameta kwenye taa. Mzee akaanza peke yake, polepole, kidole kwa kidole, mpaka ukumbi ukanyamaza. Kisha mama akaimba habari ya kisima. Alikichimba mwenyewe, akakijengea mdomo, akawanywesha wapita njia, na leo ndoo ikipanda inapanda na maji ya chumvi. Hapo mmoja wa wale akina mama akaguna, "Ee!", akainuka, akaenda mbele kwa mwendo wa madaha, mabega yanafuata dumbaki, akamtunza mwimbaji noti yake mkononi, akarudi kukaa bila kumtazama mtu.

Wageni walimwangalia kwa furaha. Waliona mama anacheza. Sisi tuliona mama amepokea ubeti wake, kwa sababu anayeinuka kwenye maneno kama yale huwa ana lake moyoni, na ameshalisema mbele ya watu bila kumtaja mtu.

Ndipo nilipoumia. Sanaa hii imefumwa kwa lugha yetu. Mafumbo yake ni ya kwetu, visa vyake ni vya jikoni na barazani kwetu, na sisi tunaoyaelewa ndio tusiokuwepo. Wanandoa wa Dar es Salaam wakisema wanakwenda Zanzibar kupumzika, wanashuka kwenye boti wanaingia kwenye gari, moja kwa moja Nungwi au Paje, siku mbili za mchanga mweupe na picha za machweo, kisha wanarudi. Mji wanaupita dirishani. Nasi tulifanya hivyo mara mbili, kwenye fungate na miaka mitano baadaye. Safari hii nilimwambia mume wangu: Baba Zaituni, twende, watoto tumwachie shangazi yao, tulale mji mkongwe siku mbili, tule na tusikilize. Basi.

Naamini hii ndiyo safari iliyo bora kwa watu wawili wanaoishi pamoja. Ufukweni kila mmoja anaishia kwenye simu yake. Mjini mnalazimika kuongea, kwa sababu vichochoro vinawapoteza, harufu zinawaita pande mbili tofauti, na usiku mmesikia wimbo ambao kila mmoja ameuelewa kivyake.

Taarab iliingia Unguja kwa mlango wa jumba la kifalme, enzi za Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Iliimbwa Kiarabu, kwa wakubwa. Aliyeifikisha kwa watu wa kawaida wa Ng'ambo, mitaa ya Unguja iliyo nje ya Mji Mkongwe, ni Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyekuwa akitembeza vyungu, akaimba Kiswahili, mambo ya mahakamani, ya mapenzi na ya wanyonge kuonewa, na 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa 1905, bado kipo. Culture Musical Club wana historia tangu 1958. Hesabu ni vikundi vingapi vya muziki mahali popote vilivyovuka miaka 100. Sisi tuna kimoja mwendo wa saa mbili kwa boti, na hatwendi.

Sasa chakula, kwa sababu huko nako tunakosea. Wengi wakifika Forodhani jioni wanakimbilia meza za mishikaki ya kamba na ngisi, zilizopangwa vizuri chini ya taa. Sisemi ni mbaya. Bustani yenyewe inapendeza tangu ilipokarabatiwa 2009, vijana wanajirusha baharini kutoka ukutani jua likizama, na glasi ya maji ya miwa yaliyokamuliwa pamoja na tangawizi na ndimu siiachi hata siku moja. Lakini mpishi wa Unguja hujamjua mpaka ule urojo wa mtaani.

Tulikula Jumamosi alasiri, kwa mama mmoja aliyeweka meza yake mlangoni kwake, upande wa Darajani. Nilisimama karibu nimtazame. Bakuli. Viazi vya kuchemsha akavikata kwa kisu palepale mkononi. Bajia za dengu mbili, kachori moja akaiminya ikafunguka. Yai nusu. Nyama ya mshikaki akaichomoa kwenye kijiti kwa mkupuo mmoja. Kisha upawa ukazama kwenye sufuria, ukatoka na ule uji mwepesi wa manjano, mchachu wa embe mbichi, unafuka moshi, akamwagia mpaka vyote vikaelea. Juu yake chatne ya nazi, kijiko cha pilipili, na mwisho chipsi za muhogo, nyembamba, kavu, ambazo lazima uzile haraka kabla hazijalainika. Akaniambia, "Koroga, mwanangu, usile juu juu." Nikakoroga. Uchachu unatangulia, halafu nazi inautuliza, pilipili inafika mwisho, wakati umeshateka kijiko kingine.

Tulikaa barazani tukala bakuli mbilimbili. Mume wangu, ambaye nyumbani hula kimya akitazama habari, alianza kunisimulia marehemu bibi yake wa Bagamoyo alivyokuwa akipika kachori za kuuza. Miaka 11 ya ndoa sijawahi kuisikia hadithi hiyo.

Kuna jambo lilinikera, nalo nitalisema. Usiku wa kwanza tulikula kwenye mgahawa wa juu ya paa, wenye tangazo la chakula cha jioni pamoja na taarab. Wapigaji walikuwa watatu, wamewekwa pembeni karibu na mlango wa jikoni, wahudumu wanapita mbele yao na sahani. Katikati ya wimbo msimamizi akaja kuwanong'oneza, wakapunguza sauti. Baadaye akarudi, na safari hii udi ukapiga wimbo wa Kizungu wa mahotelini. Mwimbaji alikaa na mikono yake. Nilitamani kusimama nimtunze, nikaona haya, na haya hiyo ninaijutia hadi leo. Muziki huo ukiachwa uwe kitoweo cha watu wanaoongea, utakonda. Unahitaji msikilizaji wa kuguna "Ee!" pale ubeti unapochoma, na huyo msikilizaji ni wewe na mimi.

Kwa hiyo mkipanga, ulizeni kwanza kwa wenyeji vikundi vinapiga wapi wiki hiyo, siyo hotelini. Mwezi wa Ramadhani msiende kwa ajili ya taarab, muziki huwa umelala. Sikukuu ya Idd ndipo mji unapochangamka. Wekeni noti ndogondogo mfukoni za kutunzia. Na vaeni kwa heshima ya mji, kwa sababu mtakaribishwa majumbani.

Jumapili asubuhi, baada ya mkate wa ajemi na maharage ya nazi, tulikwenda kukaa kwenye kona ya kahawa, pale wazee wanapocheza dhumna. Tulikuwa bado tunabishana juu ya kisima. Mimi nilishika kwamba ni mama anayelalamikia watoto aliowalea wakamsahau. Baba Zaituni akasema hapana, ni mume kageuka, maji yalikuwa matamu sasa yana chumvi, jambo liko wazi. Muuza kahawa akatumiminia vikombe vidogo kutoka kwenye dele lake, kahawa chungu, na kipande cha kashata ya njugu kila mmoja. Mzee mmoja mwenye kofia ya viua aliyekuwa kimya muda wote akaweka dhumna zake chini.

"Nyote wawili mmekosea," akasema. "Kisima cha mjini hakiingii chumvi mpaka watu wateke kupita kiasi. Huyo mwanamke hamlaumu mtu. Anajilaumu kwa kutoa."

Tukanyamaza. Muuza kahawa akacheka, akasema yeye ana maana yake nyingine kabisa, aliyoipata kwa marehemu mama yake, lakini amalize kwanza kuwahudumia watu wa upande ule. Akaondoka akigonganisha vikombe. Tulimsubiri, dhumna zikalia mezani, mzunguko wa kwanza na wa pili, mpaka mume wangu akatazama saa. Boti ya alasiri ilikuwa inakaribia, na mizigo yetu ilikuwa bado hotelini.

"Nendeni tu," mzee akasema. "Maana ya nne mtaikuta hapahapa."