Rekodi nne za Henry Rono na lawama walizotupiwa wakimbiaji wetu vyuoni Marekani

Tarehe 8 Aprili 1978, katika mashindano ya vyuo mjini Berkeley, California, Henry Rono, Mkenya aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, alikimbia mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 8.4, akaipunguza rekodi ya dunia ya Dick Quax wa New Zealand kwa sekunde nne na nusu. Kufikia Juni 27 alikuwa ameshavunja nyingine tatu: mita 3,000 kuruka viunzi na maji mjini Seattle, mita 10,000 Vienna na mita 3,000 Oslo. Rekodi nne kwa siku 81, na mbili za kwanza ziliwekwa na mwanafunzi aliyevaa fulana ya chuo chake. Kwangu mimi, riadha ya vyuo vya Marekani haijatoa jambo kubwa kuliko hilo.

Hata hivyo, wapo Wamarekani waliolalamika enzi hizo kwamba wakimbiaji wa kigeni wenye umri mkubwa walikuwa wakiwapokonya vijana wao nafasi, na malalamiko yao hayakuwa chuki tupu. Rono alizaliwa mwaka 1952, kwa hiyo alikuwa mtu mzima aliyepitia jeshi, akishindana na vijana waliotoka sekondari juzi tu. Mwaka 1981 timu ya Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, iliyojengwa juu ya wakimbiaji kutoka Afrika, ilitwaa ubingwa wa taifa wa mbio za nyika kwa alama 17; katika mbio hizo mwenye alama chache ndiye mshindi, na alama ndogo kabisa inayowezekana ni 15. Kijana wa miaka 18 aliyeiona nafasi yake ya ufadhili ikienda kwa mtu wa miaka 26 alikuwa na haki ya kuuliza. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilipoamua kwamba miaka ambayo mtu alishindana baada ya kutimiza umri wa miaka 20 ihesabiwe ndani ya miaka anayoruhusiwa kushindana chuoni, kilikuwa kinajibu swali halali.

Lakini umri hauvunji rekodi ya dunia. Rekodi ya mita 10,000 aliyoivunja Rono ilikuwa ya Mkenya mwenzake, Samson Kimobwa, naye wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington. Enzi hizo mwanariadha wa ridhaa hakuruhusiwa kulipwa, na nyumbani Kenya aliyetaka kufanya mazoezi huku akila alitegemea ajira ya jeshi, polisi au magereza. Ufadhili wa chuo uliwapa malazi, masomo na mashindano mfululizo.

Kwetu nako hunenwa kwamba vyuo viliwakamua wakimbiaji hawa kwa ajili ya alama, kisha vikawaacha. Watu huutaja ulevi uliomwandama Rono baadaye. Sehemu ya shutuma hiyo ina ukweli, kwa kuwa mkimbiaji mmoja aliweza kupangiwa mbio mbili au tatu katika mashindano yale yale. Ila pigo zito kuliko yote lilitoka kwingine. Kenya ilisusia Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 na ya Moscow mwaka 1980, na Rono hakuwahi kukimbia Olimpiki hata mara moja. Suleiman Nyambui, Mtanzania wa El Paso ambaye nchi yake ilikwenda Moscow, alirudi na medali ya fedha ya mita 5,000. Tofauti hiyo baina ya wawili hao iliamuliwa na serikali, wala hakuna kocha wa chuo anayeweza kubebeshwa lawama hiyo.