Gemu ikishaingia ndani, isivuke bahari mara ya pili

Wiki hii nimejibiwa na huduma kwa wateja ya duka moja la gemu za kompyuta, na jibu lenyewe mpaka sasa halijanitoka rohoni. Nimenunua kompyuta ya pili. Ile ya kwanza ipo hapohapo mezani, imejaa gemu nilizolipia, na zote mbili zimeshika ruta moja. Nikauliza nizihamisheje bila kugusa bando. Wakaniambia: ingia kwenye akaunti yako, bonyeza pakua, subiri.

Nisubiri nini jamani? Red Dead Redemption 2 inataka nafasi ya GB 150. Baldur's Gate 3 nayo GB 150. Gemu mbili tu, tumeshafika GB 300. Anayesema "subiri" hajawahi kukaa Tabata akipokea ujumbe kwamba ametumia asilimia 75 ya kifurushi alichonunua jana. Hajakatikiwa umeme gemu ikiwa inakaribia kumaliza kushuka. Hajapanga ratiba ya kupakua usiku wa manane kwa sababu mchana nyumba nzima inagombania mtandao.

Msimamo wangu ni huu: data niliyokwisha kuilipia, ikaingia nyumbani kwangu, haina sababu ya kutoka tena ng'ambo ili ihame meza hii kwenda meza ile. Duka linalouza gemu za ukubwa huo bila kuweka njia ya kuzihamisha ndani ya nyumba linamtwisha mteja wa Dar gharama ambayo mteja wa kwao wala haioni.

Tupige hesabu. Intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde, ambayo mitaa mingi ya huku mtu anaringa nayo, inashusha MB 2.5 kila sekunde, mambo yakienda vizuri. GB 100 hapo ni saa 11, na ni lazima watoto wasiguse YouTube. Sasa chukua waya za mtandao, chomeka kompyuta zote mbili kwenye ruta yenye milango ya gigabiti, yaani megabiti 1,000 kwa sekunde. Hapo unapata kama MB 110 kwa sekunde. GB zilezile 100 zinahama kwa robo saa. Ukiwa na diski ya zamani ile inayozunguka, kasi itashuka, lakini bado hutalala ukisubiri. Kutoka saa 11 hadi robo saa, na tofauti yote ni kwamba mtu mmoja aliyeandika programu aliamua kukuruhusu au kukunyima.

Wanaoruhusu wapo. Kampuni ya Valve iliweka uwezo huu kwenye Steam, duka lake la gemu za kompyuta, Februari 2023. Unafungua Steam kwenye kompyuta zote mbili, unaingia kwenye mipangilio ya upakuaji, unachagua nani aruhusiwe kuchukua mafaili: wewe peke yako, marafiki zako, au yeyote aliye kwenye mtandao huo wa ndani. Ukibonyeza kusakinisha kwenye mashine mpya, Steam inatazama kwanza kama kuna jirani mwenye gemu hiyo. Ikimkuta, inachukua kwake. Kinachopungua, kama masasisho mapya, ndicho kinachotoka nje. Na rafiki anayechukua kwako lazima awe amenunua gemu hiyo kwa akaunti yake, kwa hiyo yeyote anayeleta hoja ya wizi hapa sitamsikiliza.

Kinachoniuma ni kwamba Steam ipo tangu 2003. Kwa miaka mingi tulikuwa tukihamisha kwa mkono: unaingia folda ya steamapps, unabeba folda ya gemu iliyomo ndani ya common, unabeba na kile kifaili cha appmanifest chenye namba ya gemu, unavipanga sehemu zilezile kwenye mashine ya pili, unafunga Steam, unafungua, unamwomba Mungu iitambue. Ukisahau kile kifaili, Steam inakwambia gemu haijasakinishwa wakati GB zote unaziona kwenye diski kwa macho yako. Vijana wengi wa huku wameshika ufundi wa kompyuta kwa njia hiyo na nawaheshimu sana, lakini hakuna mteja anayepaswa kupitia hayo kwa kitu alichokinunua.

Kuna watakaosema, si utumie tu diski ya nje au flashi? Sawa, inafanya kazi, na pengine ndiyo njia ya haraka kama gemu ni ya rafiki wa Kigamboni na wewe uko Kimara. Ila flashi nyingi zinakuja zikiwa kwenye mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4, na gemu za leo zina mafaili makubwa kuliko hayo. Mtu ananakili, inagoma, anadhani flashi ni feki.

Najua pia hoja ya maduka: ni lazima wahakiki kwamba mafaili ni mazima na mwenye nayo ni mteja halali. Nakubali, kwa shingo upande. Kuhakiki kunatumia data kidogo sana kuliko kupakua. Steam wanahakiki na wanahamisha. PlayStation 5 inapokea gemu kutoka PlayStation 4 kupitia mtandao wa nyumbani, na Xbox nayo ina njia yake. GOG, duka jingine la gemu, wanakupa kabisa faili la kusakinisha ulitunze mwenyewe, usakinishe bila intaneti. Waliobaki wanangoja nini?

Mnaikumbuka Mei 12, 2024? Ilikuwa Jumapili. Nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na sisi Tanzania tulikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Siku ile hakuna duka la gemu lililoweza kukusaidia. Lakini folda iliyoshirikishwa kati ya kompyuta mbili kwenye Windows ilikuwa inafanya kazi kama kawaida, maana ruta haihitaji bahari ili kuunganisha chumbani na sebuleni. Kwa nchi inayotegemea nyaya chache za chini ya bahari, uwezo wa kuhamisha vitu ndani kwa ndani ni jambo la lazima, na maduka yanayochukua fedha zetu yanapaswa kulijua hilo. Tuwaandikie, tena kwa wingi.

Kwa wanaotaka kujaribu leo: kompyuta zikikataa kuonana, hakikisha Windows imeuweka mtandao wako kuwa binafsi, usiwe wa umma, na usitumie Wi-Fi ya wageni kwa sababu ruta nyingi huwatenga wageni wasionane. Wi-Fi ya kawaida itakubali, ila data inapita hewani mara mbili, kwenda kwenye ruta na kutoka, kwa hiyo kasi inagawanyika.

Waya ndio wenyewe. Ukienda Kariakoo usichukue wa kwanza utakaopewa. Shika kile kichwa cha plastiki angavu, kielekeze kwenye mwanga, hesabu nyaya za rangi zilizopangana ndani. Ziwe nane. Kuna waya zinauzwa zikiwa na nne tu, na hizo haziwezi kuzidi megabiti 100, yaani robo saa yako inageuka saa mbili na zaidi. Ruta nyingi tunazopewa na kampuni za intaneti nazo milango yake inaishia hapohapo 100. Hapo nunua swichi ndogo ya gigabiti, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta kadhaa kwa waya, chomeka kompyuta zote mbili kwenye swichi, halafu waya mmoja uende kwenye ruta. Mafaili yatapita kwenye swichi moja kwa moja, na ruta haitawapunguzia kitu.