Baba Mdogo Hakuwahi Kudaiwa na Mangi

Kwa mangi wa mtaani kwetu sigara huuzwa moja moja. Kiberiti kimefungwa kamba dirishani. Unawasha, unakiachia, unaondoka. Baba mdogo alinunua hapo zaidi ya miaka 30, na hakuwahi kukopa hata mara moja. Ukimsema, jibu lake lilikuwa moja: "Sigara yangu nalipia mwenyewe, na kodi juu."

Mwaka jana nikamuuguza wodini siku tisa. Mapafu yamechoka, hatua tatu hadi chooni zinamtoa jasho. Mtungi wa oksijeni ulisimama kichwani pa kitanda, kichupa chake cha maji kikitoa mapovu usiku kucha, na kila nesi aliyepita aliangalia kwanza kishale cha geji, ndipo akamwangalia mgonjwa. Kwa kuwa ni mzee wa zaidi ya miaka 60 asiye na uwezo, alitibiwa bure. Bure kwake, maana oksijeni haichotwi kisimani. Dawa zilizokosekana hospitalini tulichangishana kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na wengi waliochanga hawajawahi kushika sigara.

Kwa hiyo mtu akiniambia wavutaji wanajilipia kwa kodi, namwomba tupige hesabu. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2012 kutibu maradhi ya sigara kuliigharimu dunia dola bilioni 422, karibu asilimia 6 ya matumizi yote ya afya. Ukiongeza nguvu kazi iliyopotea, inafika dola trilioni 1.4.

Wapo waliojaribu kuonyesha kwamba serikali inapata faida. Mwaka 2001 ilijulikana kuwa kampuni ya sigara ya Philip Morris iliagiza ripoti kuhusu Jamhuri ya Czech, nayo ikasema wavutaji wanaipunguzia serikali gharama kwa sababu wanakufa mapema, kabla hawajala pensheni ndefu. Zikapigwa kelele, kampuni ikaomba radhi. Mimi walau naisifu kwa kusema wazi: ili hesabu ya sigara itoe faida, inabidi maiti aandikwe upande wa mapato.

Marekani walichukua njia nyingine. Majimbo yalizidai kampuni za sigara fedha yalizotumia kuwatibu wagonjwa, na mwaka 1998 majimbo 46 yakaafikiana nazo zaidi ya dola bilioni 200 kwa miaka 25.

Sisi kila msimu tunatangaziwa tumbaku ya Tabora imeingiza fedha za kigeni kiasi gani. Sawa, mkulima wa Urambo ana watoto wa kusomesha, sina ugomvi naye. Ila siku hiyohiyo, Wizara ya Afya nayo isomewe bili yake. Na kwa kuwa sheria ya bima ya afya kwa wote ilipita mwaka 2023, ushuru wa sigara upandishwe kwanza, ndipo mama ntilie afuatwe kudaiwa mchango wake wa bima.

Baba mdogo yuko nyumbani, ameacha. Mangi hamdai. Duka la dawa bado tunalilipa kidogo kidogo.