Pointi za shukrani kwenye alama za simu

Ubora wa sauti ya simu ulianza kupimwa kwa masikio, na hadi leo masikio ndiyo hakimu wa mwisho. Kwa utaratibu wa P.800 wa shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, watu husikilizishwa sentensi fupi zilizopita kwenye laini, kisha kila mmoja hutoa alama: 5 ni bora kabisa, 1 ni mbaya. Wastani wake huitwa MOS. Kazi hiyo ni ghali, ndiyo maana mwaka 2001 ikaidhinishwa PESQ, programu inayolinganisha sauti iliyotumwa na iliyofika, ikakisia alama ambayo watu wangetoa.

Wanaoitetea wana hoja. Programu haichoki, tena haina mazoea. Binadamu akishaonja sauti pana ya hezi 50 hadi 7,000, laini ya kawaida ya 300 hadi 3,400 humjia kama mtu anayeongea ndani ya debe, ingawa jana aliiona safi.

Lakini PESQ haihesabu kuchelewa kwa sauti. Kupitia satelaiti iliyo juu ya ikweta, neno huchukua takribani robo sekunde kumfikia mwenzako. Sauti itakuwa safi na alama nzuri, huku nyinyi wawili mkikatizana "haloo, haloo", kila mmoja akidhani mwenzake ana kinyongo. Na kimya nacho kina mambo yake: laini ikinyamaza kabisa, msikilizaji hudhani imekatika, hivyo simu humtengenezea mvumo hafifu wa bandia. Kelele, kumbe, nayo huweza kuwa ubora!

Kinachonikera kiko kwenye kanuni G.107 ya ITU hiyo hiyo, hesabu ya kukadiria ubora wa simu wakati wa kupanga mitandao. Kati ya alama 100, inaruhusu nyongeza kwa ajili ya urahisi anaoupata mtumiaji: hadi 10 kwa simu ya mkononi safarini, hadi 20 kwa sehemu zisizofikika kirahisi. Kwa baharia aliye mbali na nchi kavu ni haki. Sauti ya nyumbani, hata ikikwaruza, huipokea kwa furaha. Ila abiria wa basi la Morogoro hashukuru tena kwamba simu inashika njiani. Analipia, na anataka asikie. Kumwongezea mtoa huduma pointi 10 hapo ni kumfutia deni. Kanuni yenyewe huanzia nyongeza ya sifuri mpangaji wa mtandao asipojaza kitu. Kwa simu za mkononi, ningeiacha hapo hapo.