Diski ni elfu kumi na nane, sasa hiyo laki nne ni ya nini?

Wiki iliyopita kwa kikao cha bajeti tulikwama kwa laini moja tu, ile ya kuingiza sauti na picha zetu kwa kompyuta na kuzihifadhi. Mimi hufanya kazi na shirika dogo la jamii huku Eastlands, Nairobi, na tuko na kaseti kama 2,000 kwa maboksi, mabaraza, kwaya, wazee wakielezea vile Kaloleni na Pumwani zilikuwa, halafu juu ya hizo kuna mapicha ya simu kama 60,000 yamejazana kwa laptopu tatu. Mweka hazina wetu, mama mmoja alistaafu kutoka benki, akaangalia ile karatasi akaniuliza, "Kijana wangu, si diski ni elfu kumi na nane tu hapo Luthuli? Laki nne na ishirini kila mwaka ni ya nini?" Nikamwambia, "Mama, diski ni hiyo bei kweli, hiyo ingine ni ya mtu." Hakuridhika na siwezi mlaumu, juu swali lake ndilo kila mtu huuliza, na kwa kikao sikulijibu vile linastahili.

Wanaosema diski ni rahisi hawadanganyi. Saa moja ya sauti ukiirekodi kwa ubora wa kuhifadhi, ile ya biti 24 na kilohezi 48, inakula kama gigabaiti moja. Kaseti zetu nyingi ni za dakika 90, kwa hivyo 2,000 ni masaa 3,000, yaani gigabaiti 3,000, ama terabaiti tatu hivi, na hiyo yote inaingia kwa diski moja ya terabaiti nne ambayo unaibeba kwa mfuko wa koti. Ukitaka kopi tatu ni diski tatu, elfu hamsini na nne, basi. Mtu akikuambia miaka ishirini iliyopita kwamba utahifadhi historia ya mtaa mzima kwa hiyo pesa ungemcheka.

Sasa kaa na mimi kwa meza. Nachukua kaseti moja, imeandikwa kwa kalamu ya bluu "Baraza, Kaloleni Hall, 1987", upande wa pili hakuna kitu. Nafungua, naona ule ukungu mweupe pembeni ya utepe, inabidi nisafishe kwanza na pamba polepole. Nairudisha mwanzo kwa mkono na penseli juu nikiiweka tu kwa deki inaweza kukatika. Nasafisha kichwa cha deki, nacheza, narekebisha sauti, halafu nasikiliza, na kaseti haiharakishwi, dakika 90 ni dakika 90. Stima ikipotea katikati naanza tena. Ikiisha naipatia faili jina, naandika nani anaongea, kwa lugha gani, kuhusu nini, na hapo wakati mwingine inabidi nimpigie mzee mmoja simu nimchezee kipande aniambie hiyo sauti ni ya nani, na hao wazee wanazidi kupungua kila mwaka. Kwetu saa moja ya sauti imekuwa ikila masaa matatu ya kazi. Masaa 3,000 mara tatu ni 9,000, na mtu mmoja akifanya masaa 1,800 kwa mwaka hiyo ni miaka mitano. Mlipe elfu thelathini na tano kwa mwezi, ambayo si pesa nyingi Nairobi, ni milioni mbili na laki moja. Weka hiyo kando ya elfu hamsini na nne za diski uone.

Na si sisi tu. Uingereza walikuwa na utafiti wa Keeping Research Data Safe, ripoti za 2008 na 2010, wakapiga hesabu ya hifadhi ya data za akiolojia iliyoko York, na ikaonekana zaidi ya nusu ya gharama ni kutafuta vitu, kuvipokea na kuviingiza, halafu kama theluthi ni kuwezesha watu kuvipata na kuvitumia, na kule kuvihifadhi kwenyewe ikawa kama asilimia 15 tu. Pia kuna mradi wa LIFE wa British Library na University College London ulioanza 2005, nao ukagawanya gharama kwa hatua, kuanzia siku unapokea kitu mpaka siku mtu anakuja kukitafuta. Nilipenda hiyo njia juu inakulazimisha uandike kila hatua na bei yake, na ukishaziandika zote huwezi tena kusema kuhifadhi ni kununua diski.

Lakini upande wetu, wa wale wanaolia gharama, pia una shida yake, na nataka kuisema bila kuificha. Tumezoea kusema "chagueni, hamuwezi kuweka kila kitu" kana kwamba kuchagua ni bure. Kuchagua ni kazi pia. Piga hesabu na vitu viwili tofauti uone vile majibu yanaenda njia mbili.

Kaseti kwanza. Nikisikiliza kila moja dakika kumi tu nijue kama inafaa, kaseti 2,000 ni masaa 333, miezi miwili na kitu, elfu themanini hivi. Kwa maboksi ambayo nimeshapitia naona karibu nne kwa kila kumi ni muziki ulionakiliwa kutoka redio ama kopi ya kopi. Tukiacha 800 tunaokoa miaka miwili ya mshahara, laki nane na arobaini. Hapo kuchagua kunalipa mara kumi, na mtu akikataa kuchagua anatupa pesa ya mtaa.

Halafu picha. Picha 60,000 za megabaiti nne ni gigabaiti 240, na kwa bei ileile ya diski hiyo ni kama shilingi elfu moja, kopi tatu elfu tatu na kitu. Nikiziangalia moja moja sekunde kumi kila moja ni masaa 167, zaidi ya mwezi wa mshahara, elfu thelathini na tisa, ndio nifute nusu niokoe shilingi elfu moja na mia sita. Hiyo haina maana hata kidogo. Weka zote, panga kwa tarehe na tukio, endelea na maisha. Kwa hivyo mimi nimefika hapa: chagua pale unapookoa masaa ya mtu, na usichague pale unaookoa ni nafasi ya diski tu. Mama mweka hazina alikuwa sawa kabisa kuhusu picha na mimi nilikuwa sawa kuhusu kaseti, na tulikuwa tunabishana kama ni kitu kimoja.

Kuna kitu kimoja kinanizuia kusema "weka zote" kwa sauti kubwa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haikubali ukae na taarifa za watu zaidi ya zile unahitaji, ingawa imeacha mlango kwa mambo ya historia na utafiti. Kwa zile laptopu kuna picha za vitambulisho vya watu waliojiandikisha semina, hizo si historia, hizo zinatoka kabla hatujanakili chochote.

Sasa ile gharama ya kila mwaka, na hapa ndio wafadhili hutuacha. Mfadhili atanunua skana, atanunua deki, atapigwa picha nazo, mradi unaisha baada ya miezi 18. Karatasi ukiisahau kwa shelfu kavu miaka arobaini utaipata inasomeka, hebu ingia pale Hifadhi ya Nyaraka za Taifa kwa Moi Avenue uitishe faili la zamani. Faili la kompyuta halisahauliki hivyo. BBC walitengeneza mradi wa Domesday 1986, picha na maelezo ya maisha ya Uingereza kwa diski za leza, na haikupita hata miaka ishirini kabla mashine za kuzisoma kuwa adimu mpaka ikabidi watu wahangaike kuziokoa, na kile kitabu chenyewe cha Domesday cha 1086, orodha ya ardhi na mali ya Uingereza ambayo mradi ulichukua jina lake, bado kinasomeka. Mwaka jana diski yetu moja ilianza kugonga tik tik tik, na bahati yetu ni kwamba tulikuwa tunalinganisha cheksamu kila miezi mitatu, zile namba zinazokuonyesha kama faili limebadilika, tukajua mapema faili gani zimeharibika tukazitoa kwa kopi ingine. Hiyo ni siku moja ya kazi kila robo mwaka na hakuna pendekezo la mradi nimewahi kuona likiwa nayo.

Wengine wanasema lipia mara moja mmalizane. Chuo kikuu cha Princeton walileta hesabu hiyo 2010: kama bei ya diski inashuka asilimia 20 kila mwaka, ukilipa karibu mara mbili ya gharama ya kwanza itatosha milele. Ni hesabu tamu, ila mwaka uliofuata mafuriko ya Thailand yakasimamisha viwanda na bei ya diski ikapanda. Na hata ingeshuka, mshahara haushuki asilimia 20.

Klaudi je, yaani kukodi nafasi kwa kompyuta za kampuni kupitia mtandao? Stoo ya baridi ya Amazon, ile ya faili hugusi mara kwa mara, ni kama dola moja kwa terabaiti kwa mwezi, kwetu dola 36 kwa mwaka, rahisi sana. Lakini Januari 2024 dola ilipita shilingi 160 na baadaye ikarudi karibu 130, kwa hivyo bili ileile ni elfu tano mia nane ama elfu nne mia saba na wewe hujafanya chochote. Kubwa zaidi ni kuzitoa faili zako huko. Kupakua ni kama senti tisa za dola kwa gigabaiti, terabaiti tatu ni dola 270, sawa na kodi ya miezi 90, na unangoja kati ya masaa 12 na 48. Bado nimesema tuweke kopi moja huko, juu mvua ya Aprili 2024 ilionyesha kila mtu huku vile maji yanaingia, na diski tatu kwa kabati moja ni kama diski moja. Ila hizo dola 270 nimeziandika kwa bajeti kama akiba tangu leo.

Juzi nimempelekea mama karatasi mpya, laini tano badala ya moja: kuchagua kaseti, kuzigeuza, picha bila kuchagua, siku nne za ukaguzi kwa mwaka, na akiba ya kupakua. Akapitia na kalamu, akazungusha ile ya ukaguzi, akauliza kwa nini siku nne na si sita. Alhamisi naanza na boksi la 1987.