Nyumba ya Latimer, Friza ya Mpemba

Mgeni anayeshuka kituo cha mwisho cha treni namba 7, Main Street, Flushing, katika jiji la New York, hulakiwa na mabango ya Kichina kabla hajaona ya Kiingereza, na asipoelekezwa hatajua kwamba si mbali na hapo, Mtaa wa 137, kuna nyumba ya mbao ya karne ya 19 iliyobanwa na majengo marefu ya kupanga. Nyumba hiyo ni makumbusho ya mtu mmoja, Lewis Howard Latimer, mvumbuzi na mchoraji wa kiufundi Mmarekani mweusi, aliyeishi humo tangu mwaka 1903 hadi alipofariki mwaka 1928. Nimeishi Marekani muda wa kutosha kuchoshwa na makumbusho makubwa, yale ambayo mtu hutoka miguu ikimuuma na kichwani hamna kitu, na ndiyo maana nimeona niandike kuhusu haya madogo, kwa sababu yamenifanya niulize jambo kuhusu kwetu Tanzania ambalo makubwa hayakuwahi kunifanya niulize: kwa nini Erasto Mpemba, mwanafunzi aliyeuliza kwa nini maji ya moto yagande kabla ya maji ya baridi, hana hata chumba cha kumkumbuka.

Latimer alizaliwa mwaka 1848 huko Chelsea, Massachusetts. Wazazi wake, George na Rebecca, walikuwa wametoroka utumwa Virginia mwaka 1842. George alikamatwa Boston, na wapinga utumwa wakamnunulia uhuru wake kwa dola 400. Mtoto hakupata shule ndefu. Akiwa na miaka 16 alijiunga na jeshi la majini la Muungano, yaani la upande wa Kaskazini, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na vita vilipokwisha mwaka 1865 akapata kazi ya utarishi katika ofisi ya mawakili wa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya alichokibuni, mjini Boston. Humo alikaa akiwatazama wachoraji wa michoro ya kiufundi, akanunua vifaa na vitabu vilivyokwisha kutumika, akajifunza usiku nyumbani, hadi siku alipoomba ajaribiwe. Alijaribiwa, akaweza, na miaka michache baadaye yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa wachoraji wa ofisi ile. Alexander Graham Bell alipotaka hataza ya simu mwaka 1876, michoro ya maombi yake ilipita mikononi mwa Latimer, tena ilifanywa usiku, kwa kuwa ilimbidi Latimer amngoje Bell amalize madarasa yake ya jioni.

Kuhusu balbu inafaa niseme wazi, maana katika makundi yetu ya WhatsApp huzungushwa ujumbe unaodai kwamba Latimer ndiye aliyeivumbua na Thomas Edison, mvumbuzi maarufu wa Marekani, akamwibia. Si kweli, na heshima ya Latimer haihitaji uongo huo. Uzi uliowaka ndani ya balbu za wakati ule ulipatikana kwa kuchoma vipande vyembamba vya karatasi au nyuzi za mimea pasipo hewa, hadi vigeuke kaboni. Taabu ilikuwa kwamba vipande hivyo vilijikunja na kuvunjika tanurini, na balbu nyingi zikaharibika hata kabla hazijawashwa. Latimer alivifungia ndani ya bahasha za kadibodi, ambayo husinyaa kwa moto kwa kadiri ileile vinavyosinyaa vipande vyenyewe, navyo vikatoka na umbo lake kamili. Hataza ya njia hiyo ilitolewa Januari 1882, lakini haki zake zilikwenda kwa kampuni iliyokuwa imemwajiri, ambayo ilishindana na Edison. Kwa Edison alihamia mwaka 1884, akawa mchoraji na shahidi wa kitaalamu katika kesi za hataza, na mwaka 1890 akatoa kitabu cha kueleza taa za umeme. Kwangu mimi bahasha ile ya kadibodi ni ajabu kuliko hadithi ya wizi, kwa sababu ni akili ya fundi aliyesimama karibu na tanuru akatazama kinachoharibika.

Tulio ughaibuni tuna tabia ya kuandika kana kwamba wenzetu wa huku walizaliwa wanajua kutunza historia. Nyumba ya Latimer yaikanusha dhana hiyo. Ilikuwa nusura ibomolewe katika miaka ya 1980, na iliokolewa kwa sababu watu wachache walikataa, mjukuu wake Winifred Latimer Norman akiwa miongoni mwao. Mwaka 1988 nyumba nzima iling'olewa mahali pake, ikapakiwa na kusafirishwa barabarani hadi kiwanja ilipo sasa. Serikali ya jiji ilikuja kuitambua rasmi baadaye. Sitaki kudharau nafasi ya fedha, kwa maana kuhamisha nyumba si kuhamisha kabati, ila fedha zilifuata ukaidi wa watu. Tena wengi wa wakazi wa Flushing leo ni wahamiaji kama mimi, wasio na undugu wowote na Latimer, na watoto wao ndio wanaoletwa pale kujifunza sayansi na uchoraji. Jambo hilo lingemfurahisha mwenyewe, kwani aliwahi kuwafundisha wahamiaji Kiingereza na uchoraji wa mitambo katika kituo cha huduma za jamii cha Henry Street huko Manhattan.

Sasa nije nyumbani. Sikubaliani na wanaosema kwamba Watanzania hatujui makumbusho madogo. Kalenga, nje kidogo ya Iringa, pana jengo la kawaida kabisa linalotunza fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, na aliyewahi kusimama mbele yake hatasema kwamba ukubwa wa jengo una maana yoyote. Butiama pana makumbusho ya Mwalimu Nyerere. Tunajua kumkumbuka mtu mahali pake. Tatizo ni aina ya watu tunaowakumbuka: chifu, mpigania uhuru, rais. Mtu aliyetazama kitu cha kila siku akauliza swali ambalo wakubwa hawakuliuliza hana nyumba wala chumba, na hapo ndipo ninapomfikiria Erasto Mpemba.

Nilisoma fizikia nyumbani nikikariri Newton, Ohm na Faraday, na jina la Mpemba nikalikuta nikiwa tayari ughaibuni, katika mazungumzo ya watu wasioweza kuionyesha Lushoto kwenye ramani. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, huko Lushoto, ambako wanafunzi walijitengenezea aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyachanganya na sukari na kuyaacha yapoe kabla ya kuyatia kwenye friza. Nafasi ya friza ilikuwa ya kugombaniwa. Siku moja, akiogopa kuikosa, Mpemba alitia yake yakiwa ya moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye rafiki yake aliyeuza aiskrimu mjini Tanga alimweleza kwamba naye hutia mchanganyiko ukiwa wa moto ili ugande upesi. Kwa maneno mengine, wauza aiskrimu wa Tanga walikuwa na ujuzi ambao darasa liliukataa. Alipofika Shule ya Sekondari ya Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu aliuliza tena, na mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu.

Aliyemsikiliza ni Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Mpemba aliuliza mbele ya wenzake kwa nini maji ya nyuzi 100 yagande kabla ya maji ya nyuzi 35, wenzake wakacheka, lakini mgeni akarudi Dar es Salaam akaagiza jaribio lifanywe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja, na tangu hapo jambo hilo linaitwa athari ya Mpemba duniani kote. Mabishano hayajaisha: mwaka 2012 Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza ilitangaza shindano la kulieleza na kupokea majibu yapatayo 22,000, na mwaka 2016 watafiti wengine wa Uingereza wakaandika kwamba hawakupata ushahidi wa kuridhisha kuwa lipo. Kwa makumbusho hiyo ni baraka tupu, kwani mtoto angeingia na kukuta swali ambalo halijafungwa.

Watakaosema kwamba madarasa na madawati yatangulie wana haki ya kusema hivyo, ila ninachoomba si jengo. Chumba kimoja pale Magamba kinatosha, chenye friza inayofanya kazi, vyombo viwili vinavyolingana, vipimajoto, daftari la kuandika matokeo ya kila anayejaribu, na maelezo ya Kiswahili ukutani, pamoja na jibu alilopewa Mpemba na mwalimu wake, lisifichwe. Wanafunzi wenyewe wawe waongozaji. Watalii wanaopanda Usambara kutembea msituni hupita Lushoto, na nina hakika baadhi yao wangesimama.

Kazi ya haraka zaidi haihitaji hata friza. Baada ya masomo Mpemba alifanya kazi katika idara ya wanyamapori, kwa hiyo wapo waliosoma naye, waliofanya kazi naye porini na pengine waliogombania naye nafasi ile ya friza, na wote sasa ni wazee sana. Waliosoma Magamba na Mkwawa, walio nyumbani na walio huku, wanaweza kuanza kuwarekodi mwaka huu kwa simu zao za mkononi na kukusanya picha na madaftari kabla hayajatupwa, na sisi wa ughaibuni tunaochanga kila mara kwa ajili ya harusi na misiba tunaweza kulipia usafiri wa watakaokwenda kuwatafuta.